Lami inateleza kwa sababu gani, na je, lami iliyorejelewa inateleza zaidi?

Masika yakikaribia, swali moja hurudi kwenye simu za wasikilizaji wetu, kuanzia King'ori na Usa River hadi Ngaramtoni na Oldonyo Sambu. Barabara ya vumbi ilikuwa inatuangusha kwa tope, tukaomba lami, lami ikaja. Mbona na yenyewe inateleza? Na walioona mashine ikikwangua lami ya zamani ili itumike tena wanaongeza la pili: hiyo lami ya kurudia si ndiyo itateleza zaidi?

Jibu fupi ni hapana, haitelezi zaidi kwa sababu tu ni ya zamani. Tairi haishikwi na ule weusi unaouona. Inashikwa na jiwe. Lami iliyorejelewa ikiwa na jiwe zuri na kipimo sahihi cha lami, inashika kama mpya. Ikiwa na jiwe baya au lami iliyozidi, itateleza, na hata lami mpya kabisa yenye kasoro hizohizo itateleza vilevile. Jibu refu linahitaji tuifungue barabara tuone kilichomo ndani.

Kilichomo ndani ya lami

Neno "lami" tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna lami yenyewe, ule ute mweusi unaotokana na mafuta ghafi, ambao mafundi wanauita bitumeni. Halafu kuna lami ya barabarani, yaani mchanganyiko uliokwisha kushindiliwa. Katika lami nzito, ile inayopikwa kiwandani na kumwagwa ikiwa bado moto, kila kilo 100 zina takriban kilo 5 tu za bitumeni. Kilo 95 zilizobaki ni kokoto, mchanga wa mawe na vumbi la mawe. Kazi ya bitumeni ni kuyagandisha mawe yasiachane na kuzuia maji yasipenye. Kushika tairi si kazi yake kabisa.

Lami nyepesi, ambayo barabara zetu nyingi za wilayani zinayo, inatengenezwa kwa njia tofauti. Bitumeni ya moto inapulizwa juu ya msingi wa barabara, kokoto zinamwagwa juu yake, rola linapita. Mara nyingi hurudiwa mara ya pili kwa kokoto ndogo zaidi. Hapo tairi inakanyaga kokoto moja kwa moja, na ndiyo maana lami nyepesi ikiwa mpya huvuma sana chini ya gari na hushika vizuri.

Sasa jiwe linashika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukali wa uso wa jiwe lenyewe, ule unaousikia ukilipitisha kidole, kama ulimi wa ng'ombe. Ni mdogo sana, chini ya nusu milimita, lakini ndio unaopasua utando mwembamba wa maji na kuifanya mpira wa tairi uguse jiwe. Ya pili ni nafasi zilizo kati ya kokoto na kokoto. Hizo ni mifereji midogo. Gari likienda kwa kasi, maji yaliyo chini ya tairi yanatafuta pa kutokea, na yakikosa, tairi inapanda juu yake na kuelea. Dereva anakata usukani na gari linaendelea kwenda linakotaka.

Kwa mwendo mdogo, ukali wa jiwe ndio muhimu zaidi. Kwa mwendo mkubwa vyote viwili vinahitajika, pamoja na kashata za tairi. Nchi nyingi zinataka kina cha kashata kisipungue milimita 1.6, tairi kipara haina mahali pa kupeleka maji, hata barabara iwe nzuri namna gani.

Hesabu ya breki

Kwa nini tujali? Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu. Kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri, tangu breki zinaposhika hadi gari linaposimama ni kama mita 14. Mshiko ukipungua kwa nusu, jambo la kawaida kabisa kwenye lami laini iliyolowa, gari hilohilo na breki hizohizo linahitaji mita 28. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu kwa basi na lori, mita 36 zinakuwa 72. Na hapo sijaweka muda wa dereva kushtuka, ambao peke yake unakula mita nyingine 15 hadi 20 au zaidi kulingana na mwendo.

Mita 14 za ziada ni upana wa barabara ya njia mbili mara mbili. Mtoto aliyekuwa anavuka kwenda shule angekuwa ameshafika ng'ambo, au hakufika.

Mshiko mzuri hautibu kila kitu, tuseme ukweli. Tarehe 24 Februari 2024 pale Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, lori lililoelezwa kufeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Gari lisilo na breki halisaidiwi na jiwe. Lakini ajali nyingi ndogo hazifiki kwenye taarifa ya habari: bodaboda aliyelala kwenye kona, Noah iliyoingia mtaroni peke yake, daladala iliyogonga iliyo mbele kwenye foleni wakati wa manyunyu. Hizo huandikwa "mwendokasi" au "uzembe wa dereva", na mara nyingi ni kweli. Ila mahali pamoja pakiangusha madereva kumi tofauti, si haki kuwalaumu wote kumi na kuiacha barabara.

Jiwe nalo huchoka

Bibi zetu waliosaga nafaka kwa mkono walijua jambo hili kabla ya mhandisi yeyote. Jiwe la kusagia likitumika sana linakuwa laini, nafaka inateleza juu yake bila kusagika. Dawa yake ilikuwa kulichukua jiwe jingine gumu na kuligongagonga hadi lipate ukali tena.

Barabara inafanyiwa hivyohivyo na matairi. Kila tairi inayopita ikiwa na vumbi laini katikati inausugua uso wa kokoto, na sehemu inayosuguliwa zaidi ni pale magari yanapofunga breki, yanapokata kona na yanapoondoka: kwenye vipilefti, kwenye mataa, kabla ya matuta, kwenye vituo vya daladala na kwenye miteremko. Kwa hiyo barabara inaweza kuwa nzuri kilomita nzima ikawa kioo kwenye mita 30 za mwisho, palepale unapohitaji kusimama.

Mawe hayachoki kwa kasi moja. Chokaa, yakiwamo mawe ya matumbawe ya pwani, hulainika haraka kwa sababu yameumbwa na madini ya aina karibu moja, laini. Yanasuguliwa yote kwa pamoja. Jiwe lenye madini ya ugumu tofauti linadumu, kwa kuwa lile laini likiliwa, gumu linabaki limechomoza. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 4,500, tumejaliwa mawe ya volkano ya kila namna. Mengine ni meusi, mazito na magumu, yanafaa kokoto za barabara. Mengine ni mepesi yenye matundu, yanavutia kwa ukali wake lakini yanapondeka chini ya lori. Hayo yanafaa zaidi kujazia chini kuliko kuwekwa juu. Na hata ndani ya machimbo mamoja jiwe linabadilika ukishuka chini zaidi. Ndiyo sababu jiwe hupelekwa maabara. Huko linasuguliwa kwa gurudumu la mpira na unga mkali kwa saa kadhaa, kisha linapimwa limebakiwa na ukali kiasi gani. Macho pekee hayatoshi, hata ya fundi mzoefu.

Lami ya zamani ikirudi barabarani

Tuje kwenye kurejeleza. Barabara ikichoka, badala ya kung'oa lami na kwenda kuitupa, mashine yenye ngoma iliyojaa meno ya chuma inaikwangua na kuigeuza kuwa chembechembe. Nchi nyingi ziliingia kwenye jambo hili kwa nguvu baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kwa sababu bitumeni inatoka kwenye mafuta. Leo Marekani peke yake inarejeleza zaidi ya tani milioni 80 za lami ya zamani kila mwaka.

Faida yake utaiona kwa hesabu ndogo. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 na lami nzito ya unene wa sentimita 5 ina takriban tani 840 za mchanganyiko. Humo mna tani kama 42 za bitumeni, ambayo kwetu huagizwa kutoka nje ya nchi, na karibu tani 800 za mawe yaliyokwisha kulipuliwa, kupondwa na kusafirishwa. Kuitupa ni kama kubomoa nyumba na kutupa matofali mazima.

Lami hiyo hurudishwa kwa njia zaidi ya moja, na hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Njia ya kwanza inaipeleka chini. Lami ya zamani inachimbuliwa pamoja na sehemu ya msingi, inachanganywa papo hapo na saruji au na bitumeni iliyotokoswa povu, inashindiliwa na kuwa msingi mpya. Hilo povu lina historia yake: katikati ya miaka ya 1950 Profesa Ladis Csanyi wa Iowa, Marekani, aligundua kwamba ukiitia bitumeni ya moto mvuke wa maji kidogo, inafura na kuenea kwenye mawe hata yakiwa baridi. Umewahi kudondosha tone la maji kwenye mafuta ya maandazi? Ni mlipuko huohuo, ila umefungiwa ndani ya mashine. Afrika Kusini wana uzoefu mkubwa wa njia hii. La kukumbuka ni kwamba msingi wa namna hii haukanyagwi na tairi. Juu yake huwekwa tabaka jingine. Kwa hiyo barabara ya hivyo ikiteleza, usiulaumu msingi uliorejelewa. Uliza kuhusu tabaka la juu.

Njia ya pili inairudisha kiwandani, inachanganywa na kokoto mpya na bitumeni mpya, na inaweza kufika hadi tabaka la juu kabisa. Hapa swali la mshiko ni la haki. Wahandisi wanaogopa mambo matatu.

La kwanza ni jiwe lenyewe. Ile kokoto iliyosuguliwa na matairi miaka 15 ni ile ya juu tu. Zilizokuwa ndani hazijaguswa, na meno ya mashine yanavunja nyingine na kuzipa uso mpya wenye ukali. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba kama jiwe la awali lilikuwa la aina inayolainika haraka, litalainika tena. Ukichanganya lami iliyokwanguliwa kutoka barabara tano tofauti kwenye lundo moja, hujui tena una jiwe gani. Kwa sababu hiyo kanuni za barabara kuu za Uingereza zimekuwa zikiruhusu lami ya zamani hadi asilimia 50 kwenye tabaka za chini, lakini asilimia 10 tu kwenye tabaka la juu. Hawajaikataa, wameiwekea mpaka pale inapogusa tairi.

La pili, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili hofu zaidi kwetu, ni kuzidi kwa bitumeni. Lami ya zamani inakuja na bitumeni yake. Fundi asipoipima, akaongeza mpya kwa kipimo kilekile cha mchanganyiko wa kawaida, au akatia kupita kiasi yale mafuta ya kuilainisha bitumeni iliyokauka, mchanganyiko unakuwa na ute mwingi kuliko nafasi iliyopo. Jua la saa nane linapopiga na malori yakapita polepole, ute unakamuliwa juu. Mafundi husema barabara inatoka jasho. Unaona mistari miwili meusi inayong'aa, mmoja kwa kila upande wa tairi, na kokoto zimezama humo kama karanga kwenye kashata. Mvua ikigusa hapo, hakuna ukali wa jiwe wala mifereji. Kuna kioo.

Ugonjwa huu haungoji lami iliyorejelewa. Unaupata kwenye viraka. Shimo linazibwa, kiraka kinapulizwa bitumeni, mwaka unaofuata kinapulizwa tena juu yake, na tena. Baada ya miaka michache kona nzima ni bitumeni tupu. Lami nyepesi nayo inaugua hivyo bitumeni ikimwagwa nyingi, au kokoto zikizama kwenye msingi laini kwa uzito wa malori.

La tatu ni kinyume chake. Bitumeni iliyokaa juani miaka mingi inakuwa kavu na ngumu. Isipohuishwa inavyopaswa, kokoto zinaanza kung'oka moja moja. Barabara inakuwa na ukali, sawa, lakini kokoto zilizong'oka zinatapakaa juu ya lami, na kwa pikipiki kokoto zilizolegea kwenye kona ni mbaya karibu sawa na mafuta. Hili utaliona pia mahali ambapo lami iliyokwanguliwa imemwagwa tu juu ya barabara ya vumbi ya mtaa. Ikimwagiwa maji na kushindiliwa sawasawa inapunguza vumbi na tope sana. Ikiachwa bila kushindiliwa, ni kokoto za kuteleza zilizopakwa rangi nyeusi.

Lami mpya ya kung'aa

Kuna jambo linaloshangaza watu wengi. Barabara ya lami nzito iliyofunguliwa wiki hii, nyeusi tii, inaweza kuteleza kuliko itakavyokuwa miezi michache baadaye. Kila jiwe la juu bado limevikwa utando wa bitumeni, na ukali wake umefichwa. Matairi ndiyo yanayouondoa utando huo kidogo kidogo hadi rangi ya jiwe ianze kuonekana. Uingereza na Uholanzi wamelichunguza sana jambo hili, na kuna sehemu ambako huwekwa vibao vya tahadhari hadi lami izoee.

Kwa hiyo lami kubadilika kutoka nyeusi kuwa ya kijivu si dalili ya kuchakachuliwa, kama wengine wanavyolalamika. Mara nyingi ni dalili kwamba tairi imeanza kukutana na jiwe. Weusi ukirudi katikati ya njia ya matairi baada ya miaka, hapo ndipo uanze kuuliza.

Mvua ya kwanza na manyunyu ya Juni

Kati ya Januari na Machi, vumbi, mafuta yanayodondoka kwenye injini na unga wa mpira wa matairi vinajaa kwenye mifereji ile midogo ya barabara. Mvua ya kwanza haina nguvu ya kuviosha. Inavikanda, na unapata uji mwembamba kama wa sabuni. Nusu saa ya mvua kubwa ikipita, uji umesombwa na barabara inashika vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa mvua ilipoanza, alimradi maji hayajatuama. Mwendesha bodaboda anayesubiri chini ya mti dakika 20 za kwanza hapotezi muda.

Kwa sisi wa mlimani kuna msimu mwingine unaosahaulika. Juni na Julai mawingu yanashuka, baridi inaingia, na kuna siku manyunyu yanashinda bila kuwa mvua. Maji ni machache ya kulowesha lakini hayatoshi kuosha. Ongeza tope linaloletwa na matairi ya trekta na pikipiki zinazotoka kwenye njia za mashambani kuingia barabara kuu, pamoja na majani yanayoanguka chini ya miti. Barabara zinazopanda mlima kutoka Usa River, Tengeru na Ngaramtoni zina kivuli kingi. Hukauka saa nyingi baada ya tambarare ya chini kukauka. Dereva anayetoka Kisongo kwenye jua anapopandisha huku juu anakutana na barabara nyingine kabisa.

Mshiko unapimwaje?

Kuna kifaa kimoja ninachokipenda kwa urahisi wake. Ni mkono wa chuma unaobembea kama bembea ya watoto, mwishoni una kipande cha mpira. Unaachiwa kutoka juu, mpira unaikwaruza barabara iliyomwagiwa maji, kisha mkono unapanda upande wa pili. Barabara ikiwa laini, mkono unapanda juu sana. Ikiwa na mshiko, nguvu inaliwa na msuguano na mkono unaishia chini. Sindano inaonyesha namba. Kilibuniwa Marekani miaka ya 1940 na kuboreshwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ambayo katika miaka ya 1960 ilipendekeza namba 65 au zaidi kwa vipilefti, kona kali na miteremko, 55 kwa barabara kuu, na 45 kwa sehemu za kawaida. Utaona kwamba kona ilidaiwa zaidi kuliko sehemu iliyonyooka.

Kipimo cha pili hakihitaji hata mashine. Fundi anachukua mchanga laini mkavu wa kipimo kinachojulikana, tuseme mililita 25, anaumwaga barabarani na kuusambaza kwa kibao kwa kuzungusha hadi ujaze nafasi zote na kuwa sawa na vichwa vya kokoto. Kisha anapima upana wa duara. Duara la sentimita 20 lina maana kina cha wastani ni milimita 0.8, mifereji inatosha. Mchanga uleule ukienea hadi sentimita 30, kina ni milimita 0.35 tu, na maji hayana pa kukimbilia. Tafadhali usiende kulifanya hili katikati ya barabara ya Moshi. Fundi anapofanya hivyo barabara inakuwa imefungwa.

Uwanja wa ndege wa KIA tunaopishana nao tukienda Moshi una njia ya kurukia yenye urefu wa takriban mita 3,600. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka msuguano wa njia kama hizo ufuatiliwe kwa vipimo, na mabaki ya mpira wa matairi yaondolewe. Kwenye anga mshiko ni suala la ratiba. Kwenye barabara zetu bado tunaujua baada ya mtu kuanguka, na kwa maoni yangu, kwa kuwa lami iliyorejelewa itazidi kuja na kazi za barabara zinaongezeka Arusha kuelekea AFCON ya 2027, kipimo cha mshiko kwenye kona na vipilefti kingefaa kuwamo kwenye makabidhiano ya kila barabara, sambamba na unene na upana.

Pakishateleza, panatibika?

Panatibika, na si lazima barabara nzima ing'olewe. Inayotoka jasho humwagiwa kokoto ndogo au mchanga mkali uliopashwa moto kisha rola hupita, au ute uliozidi unakwanguliwa. Ambayo kokoto zake zimelainika inaweza kugongwagongwa au kuchanwa mistari na mashine, sawasawa na lile jiwe la kusagia, au ikawekwa tabaka jipya la lami nyepesi lenye kokoto bora. Kiraka cha bitumeni juu ya bitumeni hakisaidii.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, za vijijini na za mitaa ya jiji ziko chini ya TARURA. Usipojua ni ya nani, anza na mtendaji wa kijiji au wa kata, naye atajua pa kuipeleka. Taarifa inayosema "barabara inateleza" haimsaidii mhandisi sana. Taja kona au mteremko, na kama kuna jiwe la kilomita karibu, andika namba yake. Sema ni upande wa kwenda au wa kurudi, kwa kuwa upande wa kupandisha, ambako malori hutambaa, mara nyingi ndio unaotoka jasho, na upande wa kushuka ndio unaolainika kwa breki. Piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mistari inayong'aa ionekane, ukiwa umesimama kando na si barabarani. Na useme magari yanateleza lini: mvua inapoanza tu, inapokuwa kubwa, au hata pakiwa pakavu. La mvua inayoanza linaelekeza kwenye uchafu na kokoto zilizolainika. La mvua kubwa linaelekeza kwenye maji yanayotuama na mifereji iliyoziba. Na kama magari yanateleza hata kwenye ukavu wakati wa jua kali, hapo bitumeni imezidi, iwe lami hiyo ilirejelewa au ilikuja mpya.